Nijadili siasa na mashemeji, ama ninyamaze tu mpaka 2027 ipite?

"Mimi ni Mkikuyu wa Njoro, nimeolewa na Mluo wa Ahero, tunaishi hapa Nakuru Section 58, sasa ni mwaka wa 9. Kwa kina mume wangu kuna grupu ya WhatsApp ya familia, ilianzishwa ya kuchanga pesa za matanga lakini siku hizi ni siasa tu. Mwezi uliopita tulibishana na shemeji yangu juu ya ODM kuingia serikalini na Ruto. Akaniandikia 'nyinyi watu mkinyimwa ndio mnakumbuka Kenya ni ya wote'. Nikamjibu 'nyinyi mnauzwa kila uchaguzi kama omena'. Nilifuta baada ya dakika mbili lakini walikuwa wameshasoma. Mama mkwe alikuwa ananipigia kila Jumapili, tangu hiyo siku kimya. Kilichonimaliza ni kijana wetu wa miaka 8 kuniuliza 'Mum, mimi niko saidi gani?' Mwaka wa 2008, zile vurugu za baada ya uchaguzi, nilikuwa Fomu One, tulikimbia kwetu tukalala shougraundi, mpaka leo nikisoma maneno ya siasa usiku moyo unadunda. Sitaki hayo maisha tena, lakini pia sitaki kukaa bubu ndani ya familia yangu. Nijadili siasa aje bila kuwa mkabila, ama ninyamaze tu?"

Dada, kwanza pole, na asante kwa kuiandika yote bila kujipaka mafuta. Watu wengi wakiniletea ugomvi kama huu wananisomea ya mwenzao, ya kwao wanaiacha nyumbani, wewe umeleta zote mbili. Mimi ni mpatanishi na mshauri nasaha hapa Nakuru, hii kazi nilianza 2008 watu wakiwa bado wanalala kwa hema, na tangu hapo nimekaa na familia, steji za boda, kamati za makanisa, kutoka Kaptembwo na Free Area mpaka Molo na Kuresoi. Nitakujibu kutokana na hayo niliyoyaona, na pale sina dawa nitakuambia sina.

Umeuliza ujadili ama unyamaze, lakini chini ya hilo swali nasikia lingine linalokuuma zaidi, kwamba kumbe hata mimi ni mkabila? Nianze na hilo. Ile sentensi ya omena ilikuwa ya ukabila, siwezi kukuficha. Uamuzi wa watu wa ODM kuingia kwa baraza la mawaziri 2024 ulifanywa na viongozi wachache, wewe ukauchukua ukammwagia mama mkwe wako ambaye pengine siku hiyo alikuwa kwa shamba la mpunga na hakuna mtu alimpigia simu kumuuliza maoni. Shemeji naye alifanya vile vile, akachukua hesabu za wanasiasa wa mlimani, kwa Wakikuyu, akakubandika wewe. Lakini kuteleza ukasema neno la ukabila na kuufanya ukabila makao yako ni vitu viwili, na tofauti yake inaonekana kwa vile mtu anafanya kesho yake. Wewe mwezi mzima bado inakuuma, kwa hivyo tuko na mahali pa kuanzia.

Kuna kitu lazima nikitoe njiani kwa sababu naona hata wewe na shemeji mmekibeba bila kujua, hii imani ati Wakikuyu na Waluo hawawezi kuelewana, iko kwa damu. Angalia tu miaka yenyewe. 1958 Jaramogi Oginga Odinga alisimama kwa bunge la wakoloni akasema Kenyatta na wenzake waliofungwa ndio viongozi wa kweli, wakati ambapo kulitaja hilo jina ilikuwa kushika moto. Miaka 11 baadaye, Oktoba 1969, hao wawili wakarushiana maneno hadharani Kisumu siku ya kufungua ile hospitali ya Russia, risasi zikafyatuliwa watu wakafa. 2002 Raila akasema Kibaki tosha, mlima na ziwa, yaani Wakikuyu na Waluo, wakampigia mtu mmoja. Miaka 5 baadaye mapanga. Hapa kwetu Rift Valley Wakikuyu na Wakalenjin wamechomeana nyumba mwanzo wa 2008, 2013 wakapiga kura pamoja, 2022 mlima kwa wingi ukampigia Mkalenjin na ukaacha mgombea aliyeungwa mkono na rais Mkikuyu, halafu Oktoba 2024 Seneti ikamwondoa naibu wa rais Gachagua, Mkikuyu, na watu wakaanza tena kuangaliana vibaya kwa ploti. Sasa niambie, ni damu gani hiyo inabadilika kila miaka 5? Inayobadilika ni hesabu ya nani anamhitaji nani ndio afike asilimia 50 na kura moja juu.

Hata hayo majina ya makabila si ya zamani vile tunadhani. Mimi kwetu ni Vihiga, babu yangu alizaliwa Mlogoli akafa Mluhya na hakuwahi kuhama boma. Jina Luhya lilianza kushika miaka ya 1930 na 1940 kama jina moja la Wabukusu, Wawanga, Watiriki, Wanyore, Walogoli na wengine wote, na jina Kalenjin, ambalo ni kama kusema "nawaambia", likaenea miaka hiyo hiyo ya 1940. Sisemi ni ya uongo, mimi ni Mluhya na naupenda Uluhya wangu. Nasema mpaka wa "sisi" ulishawahi kusogezwa na watu wenye sababu zao, na unaweza kusogezwa tena, vizuri ama vibaya.

Kuna mtafiti mmoja Mmarekani, Daniel Posner, utafiti wake ulitoka 2004, alienda mpakani mwa Malawi na Zambia akaangalia Wachewa na Watumbuka, makabila mawili ambayo mpaka wa wakoloni uliyakata katikati. Upande wa Malawi hawa ni wapinzani wa siasa, hata kuoana wanasitasita, ukivuka tu upande wa Zambia ni kama ndugu. Watu ni wale wale, mila zile zile. Alichoona ni kwamba Malawi kila moja ya hayo makabila ni kubwa ya kumtosha mwanasiasa kulitumia kama jeshi lake, Zambia ni madogo ukilinganisha na nchi nzima, kwa hivyo huko wanawekwa kapu moja la watu wa mashariki. Mimi nikisoma hiyo nilifikiria Kuresoi, maana pale nimekaa na majirani walioazimana jembe mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakalindana na mishale, mwaka wa tatu wameazimana jembe tena, na kilichopita katikati ni kampeni.

Sasa mbona inashika hata mtu kama wewe ambaye unalala na Mluo nyumba moja na unampenda? Akili ya binadamu inapenda kuwa upande, na haihitaji sababu kubwa. Henri Tajfel, Myahudi wa Poland ambaye familia yake iliangamizwa na Wanazi, mwanzo wa miaka ya 1970 aliwagawa wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza, kwa kitu cha bure kabisa, ati huyu amependa picha za mchoraji huyu na yule za mwingine. Hata hawakujua ni nani ako kundi lao. Walipopewa pesa wagawe walipendelea upande wao, na kitu cha kushangaza ni kwamba walikuwa tayari upande wao upate kidogo kuliko ungepata, bora tu ule mwingine uzidiwe. Hiyo ni picha za ukutani, sasa weka hapo ardhi, kazi na makaburi. Na uchaguzi ukikaribia inapanda, Posner na wenzake waliangalia majibu ya watu zaidi ya 35,000 wa nchi 10 za Afrika wakakuta kadiri uchaguzi wenye ushindani unavyosogea ndivyo watu wanazidi kujitaja kwa kabila. Uchaguzi wetu ni tarehe 10 Agosti 2027, kwa hivyo hilo joto unalosikia kwa hiyo grupu bado litapanda.

Nikuonyeshe vile inafanya kazi ndani ya mjadala, na hapa nataka ukae na mimi kidogo. Wewe unajua gorogoro. Nilikaa asubuhi moja na mama mmoja wa mahindi sokoni akanionyesha vile madalali wanafanya, ako na gorogoro mbili, ya kununulia kwa mkulima imegongwa kitako kikatoka nje, inabeba zaidi, ya kuuzia imegongwa kitako kikaingia ndani, inabeba kidogo. Ukizitazama kutoka mbele zote ni bati la kilo mbili, huwezi kujua mpaka uweke mkono chini. Ukabila kwa siasa unakaa hapo chini kwa kitako. Matusi ni moshi tu, moto wenyewe ni kupima watu wetu na gorogoro moja na watu wao na nyingine, na mtu anaweza kuongea kwa adabu kabisa, bila tusi hata moja, na bado anapima hivyo.

Kwa hivyo weka mkono chini ya gorogoro yako. Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru na Raila walisalimiana, wapinzani wakaanza kukaa karibu na serikali. Wewe wakati huo ulisema nini? Uliita amani ama uliita kuuzwa? Na 2024 ilipokuwa Ruto na watu wa ODM uliita nini? Kama jina limebadilika na kitendo ni kile kile, hapo kitako kimegongwa. Shemeji pia ako na yake, mwulize lakini baada ya wewe kujiuliza. Mimi mwenyewe hufanya hivyo na habari yoyote ikinifurahisha sana, nabadilisha tu jina la kiongozi niweke la yule sipendi, nione kama bado naamini haraka hivyo. Mara nyingi mkono wangu umeacha kuforwadi hapo.

Wengine watakuambia dawa ni kusema "mimi sina kabila, mimi ni Mkenya" basi imeisha. Mwaka wa 2024 vijana walienda barabarani juu ya mswada wa fedha wakisema hawana kabila, na ilikuwa kitu kizuri sana kuona hapa Nakuru na Kisumu wakiimba wimbo mmoja, hiyo sitaidharau kamwe. Lakini ndani ya familia hiyo kauli inaweza kuumiza, kwa sababu mtu akikuambia amenyimwa kitu kwa ajili ya jina lake na wewe unamjibu hakuna makabila, umemfungia mlango. Kunyimwa kulikuwepo na kupo. Kuongea juu ya ugavi si ukabila, tena kuna vipimo vya kuongelea, sheria ya uwiano ya 2008 inasema ofisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyikazi kutoka kabila moja. Mkibishana juu ya nani amejaza ofisi gani, chukueni hiyo theluthi, halafu ishikilieni hata siku ambayo waliojaza ni wenu.

Nije kwa kunyamaza. Kunyamaza wiki mbili ndio mpoe, sawa. Kunyamaza mpaka 2027, mimi siwezi kukushauri, kwa sababu nimeona vile inaisha, mtu anameza, anameza, halafu siku ya matokeo anatapika yote mara moja. Kutoka kwa grupu pia si vibaya, lakini hiyo ni grupu ya matanga, ukitoka wataona umekataa kuzika nao, na Ahero hiyo ni kitu kizito. Mimi ningependekeza ubaki ndani, siasa uitoe kwa grupu uipeleke kwa simu ya watu wawili. Kwa grupu ya watu 30 hakuna mtu anajadiliana, kila mtu anaongea na wanaotazama, na kukubali umekosea mbele ya watu 30 ni ngumu mara 30.

Lakini msamaha wenyewe, huo uende pale pale tusi lilipoandikwa. Usiombe inboksi kitu ulichotukana hadharani. Anza na mama, kwa sauti, si meseji, umpigie Jumapili saa ile alikuwa anakupigia. Halafu kwa grupu andika maneno machache, "Niliwatukana, nilikosea, shemeji na nyinyi wote mnisamehe." Usiongeze lakini. Usiseme "kama kuna mtu aliumia". Usimkumbushe shemeji yeye alisema nini, hiyo ni deni lake, atalipa ama hatalipa.

Hii maneno ya "lakini" naisisitiza kwa sababu ya kitu nilichoona Kaptembwo kabla ya uchaguzi wa 2013. Wanaume wawili wa steji moja ya boda, mmoja Mkisii mwingine Mkalenjin, walikuwa wameacha kusalimiana. Nilimwambia kila mmoja anieleze hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe akubali "ndio, hapo umenielewa", na kila nikisikia "lakini" naweka kizibo cha soda mezani. Yule wa kwanza alijaribu karibu nusu saa. Vizibo vilifika 11. Aliangalia ile rundo akanyamaza, akaanza upya polepole, na safari hiyo aliifikisha hoja yote mpaka mwisho, na yule mwingine akasema kwa sauti ndogo, "ndio hivyo." Hawakupigia mtu mmoja kura, hiyo sikuwa naitafuta. Walirudi kuazimana helmeti.

Fanya hivyo na shemeji. Mpigie umwulize, ulimaanisha nini ukisema tunakumbuka Kenya tukinyimwa? Halafu sikiza bila kutafuta jibu. Naweza kukisia utasikia nini, utasikia 1969, utasikia 2007, utasikia vile Kisumu wengi waliouawa wakati ule walikufa kwa risasi, utasikia yule mtoto wa miezi 6 wa Nyalenda aliyepigwa na polisi Agosti 2017 akiwa kwao nyumbani na akafa. Atakuuliza nyinyi mlikuwa wapi. Usijitetee hapo, mrudishie tu ulichosikia mpaka aseme ndio. Ikifika zamu yako mwambie shougraundi. Mwambie ulikuwa Fomu One, mlilala wapi, mlikula nini, nani hakurudi. Pengine miaka 9 hajawahi kujua, maana hizi vitu watu waliooana hawaulizani. Jaji Waki na tume yake iliyochunguza zile vurugu za 2007 na 2008 walihesabu waliokufa 1,133 katika ule msimu, na hao walikuwa wa kila upande, kwa hivyo kila mmoja wenu ameingia kwa mjadala amebeba wafu wake na anafikiri mwenzake amekuja mikono mitupu.

Baada ya hapo ndio mnaweza kubishana siasa yenyewe, na mbishane kweli, sitaki muwe watu wa kukubaliana tu ndio amani ikae. Taja jina la mtu na kitendo chake, neno "nyinyi" liondoke kabisa. Shikeni jambo moja, kama ni bei ya mpunga ama bima ya afya ya SHA iwe hiyo, msiruke mpaka 1963 kabla hamjaimaliza. Akikuletea vidio mwulize imetoka wapi, na wewe akikuuliza usikasirike. Na kuna swali moja napenda sana, "ni kitu gani kingekufanya ubadilishe maoni hapa?" Ujibu wewe kwanza, kwa ukweli. Kama yeye anasema hakuna kitu chochote duniani, basi hapo hamjadiliani, na sina dawa ya kumlazimisha mtu. Ongea naye juu ya ng'ombe na karo ya watoto, mpende hivyo, siasa mwachie. Kuna wengine sijawahi kuwafikia hata baada ya miaka.

Sasa kuna mahali kujadiliana kunaisha na lazima utafute msaada wa ana kwa ana. Mtu akianza kuandika ati watu fulani wataondoka, ama maneno kama madoadoa na kwekwe yakirudi, hayo tuliyasikia kabla ya nyumba kuchomwa, usijibu, piga skrinishoti, mwonyeshe mume wako na mzee wa familia mnayemwamini, na kama kuna vitisho peleka polisi ama NCIC, tume ya uwiano na utangamano. Sheria inasema uchochezi wa chuki ni faini mpaka milioni moja ama kifungo mpaka miaka 3, na kuwa ni familia hakuondoi hiyo. Hatari ikiwa karibu na mtaa wenu, chifu na kamati ya amani ya lokesheni wajue mapema.

Na huo moyo kudunda usiku, dada, usiuchukulie kuwa hasira tu. Mtu aliyekimbia akiwa na miaka 14, mwili wake unakumbuka hata kama kichwa kimesahau, ukisoma "nyinyi watu" saa nne usiku mwili unajua ni Januari 2008. Pengine hata ile sentensi ya omena iliandikwa na huyo msichana wa shougraundi. Kama unaota hayo mambo, unashtuka na mlango, ama usingizi umekataa zaidi ya wiki kadhaa, nenda hospitali ya kaunti uulize mshauri nasaha, umwambie wazi ni mambo ya 2008, wanajua. Hiyo grupu ifungie sauti kuanzia jioni. Na mume wako, sijasikia popote kwa barua yako amesema nini. Mwombe mkae chini nyinyi wawili kabla hujampigia mtu yeyote wa kwao, na ikiwa mnashindwa kuiongea bila kupanda hasira tafuteni mtu wa kukaa katikati, pasta, mshauri, ama wazee wa pande zote mbili.

Kijana mwambie hivi, baba ni Mluo, mama ni Mkikuyu, wewe ni wote wawili mzima mzima, na hapa nyumbani hakuna saidi. Pia mwambie mama alisema kitu kibaya kwa simu na ataomba msamaha Jumapili. Mwache akae hapo kando ukipiga, asikie vile unasema, na ukimaliza mpe simu amsalimie dani, nyanya yake.